Asilimia 51 ya Nini?

Tangu Septemba 2, 2025, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho jijini Washington alipotoa uamuzi wa hatua za kuchukuliwa dhidi ya Google, kuna hesabu inayozungushwa na wenye tovuti hapa Nairobi, na inazungushwa visivyo. Agosti ya mwaka uliotangulia, jaji huyo alikuwa ameamua kwamba kampuni hiyo inashikilia ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria, kwa sehemu kwa kuwalipa wengine ili injini yake iwe ndiyo ya kwanza kwenye simu na vivinjari vyao. Wengi walitarajia malipo hayo yapigwe marufuku. Hayakupigwa. Kilichokatazwa ni mikataba ya upekee. Pesa zenyewe zina ruhusa ya kuendelea kutembea. Na si pesa kidogo. Ushahidi wa kesi ulionyesha kwamba mwaka wa 2021 pekee zililipwa dola bilioni 26.3, na shahidi wa Google mwenyewe aliponyokwa na siri mahakamani kwamba Apple hupokea asilimia 36 ya mapato ya utafutaji unaofanyika kwenye Safari, kivinjari chake. Mtu wa Kasarani mwenye tovuti ya nafasi za kazi akisoma hayo, la kwanza analojiuliza ni: mimi je? Kisanduku cha kutafutia chenye mgao wa mapato kipo: unaweka injini ya Google ndani ya tovuti yako, na matangazo yake yakileta pesa mnagawana. Kukiweka ni bure, na mgao uliotangazwa wa mwenye tovuti ni asilimia 51. Kumi na tano zaidi ya Apple!

Hapo ndipo kosa lilipo. Apple hailipwi kwa sababu ina kisanduku. Inalipwa kwa sababu mamia ya mamilioni ya watu huanzia kwake kabla hawajajua waendako. Tovuti ya kawaida haiko mahali hapo. Yenyewe ndiyo mwisho wa safari. Pale Odeon makanga hulipwa kwa kila gari analojaza kwa sababu abiria bado amesimama, anasitasita kati ya matatu mbili. Hakuna anayemlipa mtu wa kuwaitia abiria walioshuka Githurai wakielekea nyumbani. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama chanzo cha mapato, kisanduku chenye mgao hakifai kwa tovuti nyingi za Kenya, na kwa baadhi yake ni hasara isiyoonekana kwenye ripoti yoyote. Kama huduma kwa msomaji kinaweza kufaa, lakini hapo swali la pesa liwekwe kando kabisa.

Tuanze na historia, maana mpango huu si mgeni. Google ilianzisha AdSense, mpango wake wa kuweka matangazo kwenye tovuti za watu na kugawana nao mapato, mwaka wa 2003, na tangu zamani ulikuwa na matawi mawili: matangazo yanayokaa kando ya makala, na matangazo yanayotokea juu ya matokeo baada ya mgeni kuandika neno kwenye kisanduku kilichomo ndani ya tovuti yako. Mwaka wa 2006 kikaja chombo cha kujitengenezea injini yako mwenyewe, ukaweza kuiambia itafute kwenye tovuti yako tu au kwenye kundi la tovuti ulizochagua. Kwa miaka mingi wenye tovuti walilipwa bila kujua ni sehemu gani ya pesa wanayopewa. Ni Mei 2010 ndipo kampuni ilipofichua: asilimia 68 kwa matangazo ya kando ya makala, 51 kwa ya utafutaji. Tofauti hiyo ina maana yake. Kwenye makala, kazi kubwa ni yako: wewe ndiye uliyeandika kilichomleta msomaji. Kwenye utafutaji, kazi kubwa ni ya injini, nayo hujilipa ipasavyo. Palikuwa pia na toleo la kulipia lisilo na matangazo, lililokusudiwa wenye biashara. Liliachwa mwaka wa 2018. Microsoft nayo ilizima huduma yake ya kuwauzia watengenezaji programu matokeo ya Bing, injini yake ya kutafutia, mnamo Agosti 11, 2025. Njia za kununua utafutaji safi kwa kampuni kubwa zinazidi kufungwa, na njia ya kuupata bure pamoja na matangazo ndiyo inayobaki wazi. Anayesema kisanduku ni zawadi na atazame mwelekeo huo.

Sasa pesa. Sitadai kujua takwimu za tovuti yako. Tuchukue mfano tu, kila mmoja abadilishe namba zake. Tuseme unapata wageni 20,000 kwa mwezi, jambo ambalo kwa tovuti ya mtu mmoja si haba. Wengi wao wameletwa na kiungo cha WhatsApp au Facebook, au na Google yenyewe, yaani utafutaji wameshaufanya kabla ya kukufikia. Tuseme wawili katika kila mia wanagusa kisanduku chako: watu 400. Watano katika kila mia ya hao wanabofya tangazo: mibofyo 20. Tuseme mwenye tangazo analipa shilingi kumi kwa mbofyo. Mapato yote ni shilingi 200, na asilimia 51 yako ni shilingi 102. AdSense haikulipi kabla hujafikisha dola 100, na kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 12,900. Kwa shilingi 102 kwa mwezi, utafika huko baada ya miaka kumi na nusu. Mtu atasema nimechagua namba za kunifaa. Haya, zidisha matokeo mara kumi. Utapata shilingi elfu moja na ishirini kwa mwezi, ambazo zikishagawanywa kati ya bando na tokeni za stima haijulikani zimekwendea nini. Ni kweli kwamba matangazo ya kando ya makala huingia akaunti hiyo hiyo, hivyo kizingiti cha dola 100 hufikiwa kwa pamoja. Lakini hilo linathibitisha tu kwamba kazi inafanywa na makala, kisanduku kinapanda mgongoni.

Bei ya mbofyo ndiyo kiini cha yote, na hiyo haiamuliwi na wewe. Inaamuliwa kwa mnada: wenye matangazo wanashindania neno lililoandikwa na mtu aliye mahali fulani. Neno la bima au wakili likiandikwa na mtu aliye Chicago linapigiwa bei na kampuni chungu nzima. Neno la Kiswahili kuhusu ngeli za nomino likiandikwa na mwanafunzi wa Eastleigh linapigiwa bei na nani? Kwa hivyo asilimia 51 hiyo moja inaweza kuwa mshahara kwa mtu mmoja na chenji kwa mwingine. Kila ninapomsikia mtu akisifu mgao huu kwa ukubwa wa asilimia, huuliza asilimia ya nini, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Wanaotetea kisanduku wana hoja za namna tatu, na hazilingani uzito. Iliyo dhaifu zaidi ndiyo inayosikika zaidi: kwamba ni bure, hupotezi kitu, na haba na haba hujaza kibaba. Ingekuwa kweli kama gharama pekee duniani ingekuwa pesa inayotoka mfukoni mwako. Rafiki yangu wa Umoja ana tovuti ya karatasi za mitihani ya Kiswahili, kazi ya miaka, na aliweka kisanduku cha aina hii. Nilikaa naye tukakijaribu kwenye simu ya kawaida, ile ambayo wanafunzi wake wengi wanayo, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Tuliandika isimujamii maswali na majibu. Lililojitokeza kwanza ni tangazo la masomo ya ziada ya mtandaoni. Chini yake, chuo cha ng'ambo kinachotafuta wanafunzi. Chini yake, mkopo wa simu, na pale pale ukingoni mwa kioo, nusu ya mstari wa kwanza wa matokeo yenyewe. Karatasi aliyoichapa yeye kwa mkono wake, swali baada ya swali, ilihitaji kidole gumba kusukuma kioo mara mbili ndipo ionekane. Mwanafunzi wa kidato cha nne hana subira hiyo wala hana bando la kuchezea. Atabofya la kwanza, aone si alichotaka, arudi au asirudi. Kwenye ripoti ya mwezi itaandikwa mbofyo mmoja, senti kadhaa. Haitaandikwa kwamba msomaji aliyekuwa ameshaingia nyumbani ametolewa nje na mwenye nyumba mwenyewe.

Kwa muuzaji wa bidhaa hali ni mbaya zaidi. Fikiria duka la simu la Luthuli Avenue lililojikaza likatengeneza tovuti. Mteja amefika, anaandika jina la simu anayoitaka. Mtu anayeandika jina la bidhaa ndani ya duka lako ni mteja wa thamani kuliko wote uliowapata siku hiyo. Ameshafanya uamuzi, anatafuta bei tu. Ni wakati huo huo ambapo mnada unamfikisha mshindani wako juu ya ukurasa, kwenye kioo unachokilipia wewe. Unaweza kuzuia baadhi ya wenye matangazo, ndiyo, lakini kazi ya kuwafuata washindani mmoja baada ya mwingine ni ya kudumu, na bado utawakosa wapya. Utapata nusu ya shilingi kadhaa na upoteze faida ya simu nzima. Wenye tovuti za nafasi za kazi wako kwenye mtego huo huo, kwani wanaotangaza kwenye maneno ya ajira mara nyingi ni tovuti nyingine za ajira.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaipuuza: kwamba utafutaji uliomo kwenye tovuti nyingi ni mbovu, na injini kubwa ni bora. Hapa watetezi wana haki. WordPress, inayobeba tovuti nyingi sana za hapa kwetu, kwa kawaida hulinganisha herufi tu. Msomaji akiandika kitabu, makala yenye neno vitabu peke yake haitatokea. Akiandika mwalimu, ile yenye walimu inabaki gizani. Lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno, na programu iliyobuniwa kwa lugha zinazobadilisha mwisho humkosea msomaji wa Kiswahili kila siku bila yeye kujua kwa nini. Injini kubwa ina uwezo zaidi wa kuvuka tofauti hizo na kuelewa hata neno lililokosewa tahajia. Lakini nayo ina mipaka yake. Huonyesha tu kurasa ambazo imeshazipitia na kuziweka kwenye faharasa yake. Habari uliyoichapa asubuhi hii inaweza isiwemo, na chochote kilicho nyuma ya nenosiri hakimo kabisa. Isitoshe, ubora huo hautegemei mgao wa mapato. Kuna programu za wazi kama Meilisearch, na Pagefind kwa tovuti zisizo na hifadhidata, ambazo mtaalamu wa kawaida anaweza kuzisimika kwa mchana mmoja, kisha Meilisearch ukaiongezea orodha yako ya visawe: kitabu na vitabu, mwalimu na walimu, KRA na ushuru. Ni kazi ya mikono, naam. Wengi hawana mchana huo wala pesa za kumlipa mtaalamu, na kwao toleo la bure linabaki njia ya busara, mradi wajue wanalipa kwa nini. Shule, mashirika yasiyo ya faida na ofisi za serikali zimewekewa utaratibu wa kuondoa matangazo kwenye injini hizo. Nashangaa ni chache zinazoutumia.

Ya tatu ni kwamba hakuna pa kukimbilia. Majibu ya akili unde sasa hukaa juu ya matokeo, msomaji anaridhika huko huko bila kuja kwako, na mapato ya makala yanapungua. Basi mtu ashike chochote kinachoning'inia. Nawaelewa wanaosema hivyo. Ila tatizo la msomaji kutofika kwako haliponywi kwa kumfukuza yule mmoja aliyefika. Na wajue kwamba kisanduku si sura ya mwisho ya mpango huu. Tangu 2024 AdSense ina matangazo yanayogeuza maneno yaliyomo ndani ya makala yako kuwa viungo. Msomaji akigusa, hufunguka dirisha la matokeo ya utafutaji yenye matangazo. Ni kisanduku kile kile, ila sasa msomaji haandiki chochote; sentensi yako ndiyo imemwandikia. Mwenye tovuti aliyekubali kwa pupa mipangilio ya kujiendesha na aifungue makala yake kwenye simu ya mtu mwingine, aone ni maneno yapi yamepigiwa mstari.

Kuhusu ushuru na faragha sitakaa sana. Sheria ya Fedha ya 2023 iliyaingiza mapato ya maudhui ya kidijitali kwenye ushuru wa zuio, ule unaokatwa kabla pesa hazijakufikia, wa asilimia 5, baada ya pendekezo la awali la 15 kupigiwa kelele, kwa hivyo asidhani mtu kwamba hizi ni pesa za pembeni zisizojulikana. Na chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, msomaji anapaswa kuambiwa data yake inakwenda wapi. Neno aliloandika kwenye kisanduku cha kampuni ya nje limeondoka mikononi mwako. Kwa tovuti ya mapishi hilo ni jambo dogo. Kwa tovuti ya afya, ambako mtu huandika dalili asizoweza kumwambia hata mkewe, si dogo hata kidogo.

Ninachoona kinapuuzwa kuliko vyote ni maneno yenyewe. Watu wanapoandika kwenye kisanduku chako, wanakuambia kwa lugha yao wanachokosa. Yule rafiki wa Umoja alipoanza kuitazama orodha ya maneno yaliyotafutwa, alikuta watu wakiulizia KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Ilimjia kwamba wazazi na walimu walikuwa bado hawana jina sahihi la wanachokihitaji, basi akaandika ukurasa mmoja unaoeleza KPSEA na KJSEA, mitihani ya mtaala mpya, ni nini na unampeleka msomaji kwenye karatasi husika. Ukurasa huo huleta wageni wapya, na wageni hao husoma makala zenye mgao wa 68. Orodha ya utafutaji ulioambulia patupu ni mhariri asiyelipwa mshahara. Injini ya bure inaweza kuunganishwa na chombo cha takwimu ili uione orodha hiyo. Programu yako mwenyewe hukupa yote bila kumwomba mtu. Ukilinganisha thamani ya orodha hiyo na shilingi 102, hakuna mashindano.

Je, kuna ambaye mgao unamfaa kweli? Yupo, na ni yule anayeweza kuwa mlango. Chombo kile cha 2006 kinaruhusu kukusanya tovuti kadhaa chini ya kisanduku kimoja. Walimu wa Kiswahili kumi wenye hazina zao za maswali, ambao leo kila mmoja anahangaika peke yake, wakikubaliana kuwa na ukurasa mmoja wa kutafutia, na wanafunzi wakauzoea kiasi cha kuanzia hapo badala ya kuanzia Google, basi utafutaji si wawili katika mia tena bali ni karibu kila anayefika. Hesabu inabadilika. Hata hapo haitakuwa pesa ya kununua kiwanja Kitengela, lakini itafika kizingiti. Shida ni mazoea. Kumfundisha mtu aanzie kwako kunahitaji miaka na sababu nzuri, na ndiyo maana Google iko tayari kulipa mabilioni ili mtu asifundishwe kuanzia pengine.

Kundi la pili ni mashirika makubwa ya habari yenye makao hapa jijini, ambayo yana wageni wa kutosha kuketi mezani na kupatana badala ya kubofya nimekubali. Hayo yasome kesi ya Ulaya kwa makini. Machi 2019 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 1.49 kwa masharti iliyokuwa imeyaweka, kati ya 2006 na 2016, kwenye mikataba ya visanduku vya kutafutia ndani ya tovuti za watu wengine: mwanzoni kutoweka matangazo ya utafutaji ya mshindani, baadaye kuitengea nafasi bora zaidi ya ukurasa na kuomba idhini yake kabla ya kubadilisha namna matangazo ya wengine yanavyoonekana. Septemba 2024 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ilifuta faini hiyo, ikisema Tume haikuzingatia ipasavyo mambo yote kuhusu muda wa mikataba. Waliofurahia walisema Google imesafishwa. Mimi nasoma hivi: Tume na Google zilivutana miaka na miaka, na kilichoiangusha faini ni suala la muda wa mkataba wa kisanduku. Mhariri wa Nairobi atakayeletewa mkataba wa namna hiyo asiangalie asilimia kwanza. Atafute kifungu cha muda, kifungu cha nafasi ya matangazo kwenye kioo cha simu, na kile kinachosema maneno yaliyoandikwa na wasomaji wake ni ya nani mkataba ukiisha.